Kitanda Kilicholia Manyatta

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua imefika leo, tena haikubisha hodi. Nilikuwa nje napiga randa mguu wa mwisho wa kitanda cha Nyamu, nikasikia bati la jirani, kisha la kwetu, kisha sikusikia kitu kingine chochote.

Kitabu hiki nilipewa bure na duka la mbegu mwezi wa kwanza. Kina picha ya ng'ombe kila ukurasa, na mpaka leo kilikuwa kinakalia kopo la gundi lisipeperushwe kifuniko. Naanza kukiandika kwa sababu redio inasema mvua ya mwaka huu si mvua ya kawaida. Wanaiita Elnino. Nataka baadaye nijue kama redio ilisema kweli.

Niandike jina kwanza, kama tulivyofundishwa shuleni. Mukami, fundi wa vitanda, Majimbo, Embu. Mume wangu ni Koome, na mtoto wetu ni Makandi. Mimi nakata na kuunga. Yeye anapiga msasa na vanishi, halafu anaongea na wateja, kwa maana ulimi wake ni laini na wangu bado una nyuzi kama mbao mbichi. Yeye ni Mmeru wa Timau, mimi ni Muembu. Kila mmoja anaelewa lugha ya mwenzake, lakini tukikosana tunakosana kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kucheza kwenye uwanja wake wa nyumbani.

Vitanda vyangu havina msumari. Ncha ya ubao huu inaingia kwenye tundu la ule, kisha kabari ya mti inapita katikati, basi. Msumari ukikaa hulegea, na ukilegea huanza kusema. Mimi huuza usingizi wa kimya. Hakuna kitanda changu kilichowahi kurudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tumepeleka kitanda cha Nyamu kijijini Manyatta. Pickup imekwama mara mbili kwa matope na Koome amerudi akiwa mwekundu mpaka kwenye nyusi.

Nyamu ana shamba la majani chai kwenye mteremko, na nyumba ya mbao ambayo baba yake aliijenga kwa kukata mlima na kuiingiza ndani, kama mtu anayesukuma kabati kwenye kona. Nyuma ya chumba cha kulala udongo umesimama wima kupita paa, na juu ya udongo ndiyo chai yenyewe. Wanaishi yeye, mkewe Kaari, mtoto wao Gichovi ambaye hata hajaota jino, na mama yake Nyamu, ambaye sisi wote tunamwita Cucu, yaani bibi.

Walitaka kitanda kwa ajili ya mtoto. Kile cha zamani kilikuwa cha spring; mzazi akigeuka, mtoto anaamka, na akiamka hakuna anayelala tena mpaka ng'ombe akamuliwe.

Nimekiunga hapo hapo chumbani. Mti ni muuru, umekauka darini kwangu mwaka na zaidi. Kwa sababu ya unyevu vanishi ya miguuni haikukauka vizuri, ikashika saruji. Nikamwambia Nyamu asijali, kitanda hiki hakiendi popote. Nyuma ya kichwa cha kitanda nimeacha nafasi ya ngumi yangu kutoka ukutani, ili mbao ipumue.

Cucu alikigonga kwa fimbo kila mahali kama daktari wa ng'ombe, kisha akasema, "Hiki ni cha kufia." Kwake hiyo ni sifa. Kaari alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, anasikiliza. Sikumpenda sana. Mtu akinunua kitanda kama kile anapaswa kutabasamu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua. Padri amehubiri juu ya Nuhu na hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Mbao za mukima nilizopanga nje zimeanza kuota ukungu. Tumezihamisha sebuleni. Sasa tunakula githeri tukiwa tumekalia kitanda cha mtu.

Jumanne, 21 Oktoba

Kaari amekuja, kwa miguu kutoka stendi, mtoto chini ya nailoni. Nilimpa chai. Akanywa nusu, akasema, "Fundi, hiyo kitanda inalia."

Nikamuuliza inalia vipi.

"Kama mlango. Kama mtu anafungua mlango polepole."

"Nani anaruka juu yake?"

Koome akakohoa. Kaari akainamisha uso, lakini hakuacha. "Hakuna mtu anaruka. Sisi tunalala tu. Inalia, mtoto anaamka."

Nikamwambia kwamba kitanda changu hakilii. Nikamwambia aangalie mlango wenyewe, aangalie dirisha, aangalie paka. Nilimwambia kwa heshima, lakini nilimwambia nikiwa nimeshika patasi, na Koome anasema hiyo si heshima. Kaari akafunga mtoto wake, akaenda.

Watu wengine wakipewa kizuri wanatafuta pa kukikwaruza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya soko. Koome amerudi na sura ambayo huwa nayo akivunja kitu. Nyamu amesimama pale wanapouza ndizi, akatangaza kwamba Mukami wa Majimbo amemuuzia kitanda kinacholia kuliko cha spring. Watu wamecheka. Mmoja ameuliza kama kinaimba pia.

Mwalimu Salesio, aliyekuwa ameagiza kitanda cha arusi ya bintiye, ametuma neno kwamba tusubiri kidogo kwanza. Najua maana ya kusubiri kidogo.

Koome anataka twende tukapige misumari miwili mitatu kwenye kona, mambo yaishe.

"Misumari?" nikamuuliza.

"Mama Makandi, ni misumari tu. Hakuna mtu ataiona."

"Mimi nitaiona."

"Utaiona ukiwa Majimbo na kitanda iko Manyatta?"

Ndiyo, nitaiona. Tumelala bila kuongea, kwenye kitanda ambacho hakilii.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Barabara ya kuelekea Manyatta imekatika kwenye daraja dogo, wameitengeneza kwa magogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kaari tena. Safari hii sikumpa chai. Alisimama mlangoni mwa karakana, maji yakimtiririka, akasema yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyejifundisha njiani.

"Fundi, sikuja kuteta. Nimekuja kukuambia tu. Inalia asubuhi, mvua ikishapita. Jana nilikuwa natandika, hakuna mtu juu yake, mtoto yuko kwa Cucu, na ililia. Hakuna mtu juu yake."

Mimi nilicheka. Niandike hapa nilivyocheka: kidogo, kwa pua. Nikamwambia kitanda kisicho na mtu kikilia, amwite padri, asiniite mimi.

"Bwana yangu anasema hiyo ni kitanda mbaya," akasema. "Mimi sisemi ni mbaya. Nasema inalia." Akaenda.

Koome aliweka msasa chini. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Hapana. Hukusikia."

Jumanne, 11 Novemba

Nimekaa na jambo hili siku tatu na halitaki kuondoka. Kitanda kikilia kwa sababu ya uzito, ni kitanda. Kikilia bila uzito, kuna kitu kingine kinachokibana. Mti ukishakauka vile hausogei wenyewe. Nimeutoa darini kwa mikono yangu. Nakijua kitanda kile kama ninavyojua meno yangu.

Kwa hiyo, kama Kaari hasemi uongo na mimi sijakosea, basi kuna kitu kinaendelea Manyatta. Na nikimkumbuka pale mlangoni, Kaari hana sura ya uongo. Ana sura ya mtu anayesikia vizuri na hakuna anayemsikiliza.

Ijumaa tunaenda.

Ijumaa, 14 Novemba

Niandike yote kabla sijasahau mpangilio.

Tumefika asubuhi, mvua imekatika kidogo na ukungu umekaa bondeni. Nyamu alikuwa kwenye benchi nje, anasubiri matope yapungue aende kuchuma. Hakuinuka.

"Umeleta misumari?" akauliza.

"Nimeleta masikio," nikamjibu. Kaari alikuwa ndani. Nilimwona akigeuza uso ili asitabasamu.

Nikaingia chumbani. Nililala juu ya kitanda, nikajigeuza kushoto na kulia. Kimya. Nikamwita Koome, na Koome si mtu mdogo; alikaa kwa kishindo. Kimya. Nikamwita Nyamu mwenyewe aje akae katikati yetu. Tulikaa watu wazima watatu kama kuku kwenye fito, na kitanda hakikusema hata neno.

"Unaona?" nikamwambia Nyamu.

"Sasa kinakuogopa," akasema.

Tukainuka. Tulikuwa tumesimama wote, hakuna aliyegusa kitu, Kaari yuko mlangoni na mtoto. Ndipo kikalia. Sauti ndefu, nyembamba, ya mbao ikisuguana na mbao.

"Umesikia?" Kaari akauliza polepole.

Nilipiga magoti. Miguu ya kitanda ilikuwa palepale, imeshikana na saruji kwa ile vanishi. Hakukuwa na alama yoyote ya kuburuzwa. Nikainuka, nikaenda kwenye kichwa cha kitanda, nikatia ngumi yangu nyuma yake pale nilipoacha nafasi. Haikuingia. Nikajaribu kiganja. Hakikuingia. Nikajaribu ukucha. Ubao wa ukuta ulikuwa umekibana kichwa cha kitanda, umekula vanishi mpaka mti mweupe unaonekana.

Kisha nikasema, "Nyamu, kitanda hakikusogea. Ukuta ndio umekifuata."

Tulizunguka nyuma ya nyumba. Udongo uliokuwa umesimama peke yake sasa ulikuwa umeegemea mbao, na mbao zilikuwa zimefanya tumbo. Tukapanda juu, kwenye chai. Koome alikuwa mbele, na katikati ya mistari ya chai mguu wake ukazama mpaka gotini. Haikuwa shimo la fuko. Ulikuwa ufa, unakwenda kando ya mlima mpaka huko ambako ukungu ulituficha, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia ndani yake bila kujaa.

Nyamu aliutazama sana. Mtu aliyezaliwa hapo, aliyeanza kuchuma chai hiyo tangu akiwa mfupi kuliko miche. "Hii ni mvua tu," akasema. "Itakauka."

"Mlima unakuja, Baba Gichovi," Kaari akamwambia. "Mimi nimeusikia mwezi mzima."

Jumamosi, 15 Novemba

Wamehama, wote, lakini si kwa urahisi.

Mzee wa kanisa ametoa darasa la watoto kule juu penye uwanja tambarare. Tumefungua kitanda, kabari zimetoka kwa nyundo ya mti na hakuna hata moja iliyovunjika. Tumebeba godoro, sufuria, magunia, kuku. Ng'ombe amepelekwa kwa jirani. Cucu peke yake alikaa kwenye kigoda chake sebuleni, fimbo mapajani, hataki.

"Bwana yangu alikata huu mlima kwa jembe," akasema. "Hamtanitoa kwa sababu ya kelele ya kitanda."

Nyamu alimbembeleza. Koome alimbembeleza kwa Kimeru, akaambiwa aende akabembeleze mama yake Timau. Mimi nilihesabu kabari zangu, kwa sababu nimeolewa na najua mahali ambapo mgeni hatakiwi kusema.

Ndipo Kaari alipokuja akasimama mbele yake. Hakupaza sauti. "Cucu, mtoto wako ni Nyamu. Wangu ni huyu niliyembeba. Mimi nambeba wangu naenda. Wewe ukikaa, wako atakaa na wewe, unamjua. Sasa amua kama unamtaka hapa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Cucu alimtazama mkaza mwanawe kama aliyemwona leo kwa mara ya kwanza. Kisha akampiga Nyamu na fimbo mguuni. "Unangoja nini? Nibebe."

Jumapili, 16 Novemba

Mvua. Nyumba imesimama.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua kubwa. Nyumba imesimama.

Jumatano, 19 Novemba

Jua asubuhi, mvua mchana. Nyumba imesimama. Manyatta wanacheka tena. Wanasema Mukami aliona aibu ya kitanda, akahamisha kijiji. Mtu amemuuliza Koome stendi kama tunatabiri pia bei ya kahawa.

Nimefunga kona nne za kitanda cha chaga leo na kila moja imekaa kama ilivyotakiwa. Mikono yangu haina wasiwasi. Macho ndiyo hayaachi kutazama mawingu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nyumba imesimama. Nyamu ametuma neno: kesho anarudisha familia yake. Amechoka kuoga kwenye darasa la Jumapili, na majani chai yake yanazeeka bila kuchumwa.

Nimemwambia Koome tutaenda. Akauliza tutafanya nini tukifika. Sijui. Nitasimama njiani nijifanye mkubwa.

Jumamosi, 22 Novemba

Tulipofika, njiani kulikuwa tayari kuna mtu amesimama. Kaari. Alikuwa katikati ya kijia kinachoteremka kwenda nyumbani, mtoto kifuani, na mbele yake Nyamu na jirani yao Mbaabu, wamebeba godoro kichwani kila mmoja upande wake.

"Ondoka, Mama Gichovi," Nyamu alikuwa anasema. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

"Nyumba iko pale, iangalie! Wiki nzima! Imefanya nini?"

"Nipe mpaka jua litoke siku mbili zikifuatana. Mbili tu."

"Nimekuwa kichekesho kwa ajili ya kitanda!"

Nilifika nikasimama kando ya Kaari, bega kwa bega. Nikasema, "Nyamu, mimi ndiye nilitengeneza kitanda kile. Ukiteremka, utateremka juu ya mguu wangu."

Mbaabu akacheka. Alikuwa bado anacheka wakati kicheko chake kilipokatika, kwa sababu ng'ombe wote wa mteremko ule waliacha kulia mara moja. Kisha tukasikia kama lori linashusha kokoto, mbali. Mistari ya chai juu ya nyumba ikapinda. Sijui niandike vipi. Ilipinda taratibu, kama shuka mtu anapolivuta kutoka upande mmoja, na miche ilikuwa imesimama wima huku inatembea. Udongo ukaegemea paa. Bati likakunjika bila haraka. Halafu kila kitu kikaenda pamoja, nyumba, jiko, choo, mpaka mtoni, na mahali pale pakawa jeraha jekundu linalofuka.

Godoro lilianguka. Nyamu alikaa chini kwenye matope. Alikaa tu. Mkewe akaja akakaa kando yake, akamwekea mtoto mapajani, na Nyamu akamshika mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

Hakuna aliyekufa. Narudia kuandika kwa sababu ni neno zuri: hakuna aliyekufa.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimelala mchana kutwa. Koome amepika nduma na kuniletea kitandani, jambo ambalo halijatokea tangu Makandi azaliwe.

Jumanne, 2 Desemba

Sasa ni balaa nyingine. Watu wa Manyatta wananiita nikalale kwenye nyumba zao nisikilize. Nimewaambia masikio si yangu, ni ya Kaari, na tumekwenda pamoja. Yeye anasikiliza, mimi naangalia mbao. Tumezunguka nyumba zote za mteremko ule.

Familia ya Mbaabu imehama leo, bila kicheko. Nyumba moja tulikuta inalia kweli, mume amefunga mizigo tayari, Kaari akasikiliza, akainama chini ya kitanda, akasema, "Hii ni kitanda tu, Mzee. Ni misumari." Tulicheka mpaka tukashikana mikono njiani.

Mwanamke huyu nilimnyima chai ya pili. Nina bahati kwamba hana kinyongo.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Mvua. Mwalimu Salesio amekuja mwenyewe kuuliza kitanda cha bintiye kitakuwa tayari lini. Nimemwambia asubiri kidogo kwanza. Koome amenikanyaga mguu. Basi nikamwambia kabla ya Pasaka.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumepiga kura chini ya miavuli. Foleni ndefu, viatu vyote rangi moja.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Siku ya nne ya jua. Mbao zimerudi nje. Sebule yetu ni kubwa, nilikuwa nimesahau.

Jumanne, 20 Januari

Redio ilisema kweli. Lakini redio haikusema yote.

Leo nilikuwa Manyatta. Nyamu amepewa na ndugu yake kipande tambarare kando ya barabara, na watu wamekuja kumjengea, karibu wote waliocheka pale sokoni. Sakafu ilishamwagwa na kukauka. Kuta bado, ni nguzo tu zimesimama. Nyamu hajaniomba msamaha na sidhani ataniomba. Alikuja akachukua sanduku langu la vifaa kutoka kwa Koome, akalibeba mwenyewe mpaka ndani. Imetosha.

Kaari alikuwa na mpango wake. "Fundi, weka kitanda kwanza," akasema. "Ukuta utakuja baadaye, na safari hii mimi ndiye nitauambia usimame wapi."

Nikakiunga pale kwenye sakafu wazi, juu hakuna paa, mawingu meupe tu. Kichwa cha kitanda kina kovu pale ukuta ulipokula vanishi. Koome alitaka kulipiga msasa, Kaari amekataa. Godoro likawekwa kuota jua.

Cucu alikuja kukagua. Alikaa ukingoni kupumzisha magoti. Kisha akainua miguu. Kisha akalaza kichwa, kitambaa kikamfunika macho, na kabla hatujamaliza kushangaa alikuwa amelala, anakoroma mdomo wazi, katikati ya kiwanja, mafundi wakipigilia mbao pande zote nne.

Nyamu akaja mbio akinong'ona kama yuko kanisani. "Mama Makandi, niwaambie waache nyundo?"

Nilimtazama yule mama. Nikatazama miguu minne ya muuru juu ya saruji.

"Waambie wapige," nikasema. "Hatasikia kitu."